Nalipa ada mtoto akaimbe?

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Tanga. Binti yangu mkubwa ametimiza miaka mitano na tangu Januari anasoma chekechea moja hapa mtaani kwetu. Shule yake anaipenda mno, hata Jumamosi anaamka na kudai sare. Tatizo ni baba yake.

Kila jioni akirudi kutoka gereji humwita mtoto na kumuuliza, "Leo mmejifunza nini?" Mtoto husimama katikati ya sebule akaanza kuimba. Wimbo wa siku za wiki, wimbo wa kunawa mikono, wimbo wa wanyama, wimbo wa herufi. Anaimba na mikono, anaruka, anazunguka. Mwanzoni baba yake alikuwa akicheka. Sasa hacheki tena. Wiki iliyopita alichukua daftari la mtoto akalifungua, akakuta michoro na herufi chache zilizopinda, akaniuliza mimi: "Nalipa ada mtoto akaimbe? Kuimba si angeimba hapa hapa nyumbani bure?"

Jirani yetu ana mtoto wa umri huo huo anayesoma shule nyingine. Huyo anaandika moja mpaka mia, anarudi na kazi za nyumbani, na jioni anakuja mwalimu wa tuisheni. Mume wangu anataka muhula ujao tumhamishie wetu huko.

Nimekosa jibu la kumpa, Mwalimu, maana kuna jambo nimeliona mwenyewe likanitia wasiwasi. Mtoto anaimba herufi zote kwa mpangilio, lakini nikiandika herufi moja kwenye karatasi, tuseme "m", nikamuuliza hii ni ipi, ananitazama tu, au anaanza kuimba upya tangu mwanzo. Na kwenye nyimbo nyingine maneno anayamumunya, mahadhi yapo ila maneno hayaeleweki. Nyumbani anaongea kwa sauti ya juu na kila mara anataka televisheni iongezwe. Mwaka jana sikio lake la kushoto lilitoa usaha mara tatu, tukapewa dawa, likakauka.

Shemeji yangu aliyeko Muscat amesikia mtoto anapenda kuimba, ameahidi kumtumia kinanda. Rafiki yangu naye kanitumia kwenye simu muziki wa Mozart, kasema nimwekee mtoto akilala kwa kuwa unakuza akili. Nimechanganyikiwa. Je, kuimba huku kuna faida yoyote kwa masomo, au baba yake anasema kweli? Tumhamishe?

Mama wa Tanga

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilisimama kwenye lile sikio. Umelitaja kwa kupita, katikati ya mambo ya daftari na ada, lakini mimi naanza nalo. Mtoto anayeongea kwa sauti ya juu, anayetaka televisheni iongezwe, anayemumunya maneno, na ambaye sikio lake limetoa usaha mara tatu kwa mwaka, apimwe usikivu kabla hamjaendelea kubishana kuhusu shule. Usaha kukauka hakumaanishi kwamba usikivu umerudi sawasawa. Ngoma ya sikio ikiwa imetoboka, au nyuma yake kukiwa na majimaji, mtoto husikia kama aliyezamisha kichwa majini: mahadhi anayapata, mapigo anayapata, ila zile sauti ndogo ndogo zinazotofautisha neno na neno zinampotea. Nendeni hospitali yenye daktari wa masikio, na umwambie wazi kwamba unataka mtoto apimwe kusikia, asitazamwe sikio kwa nje tu. Mpaka hapo akioga maji yasiingie sikioni, na usikubali mtu yeyote amtie mafuta wala dawa ya kienyeji.

Nasema kwa uchungu kwa sababu liliwahi kunipita. Nimefundisha watoto wa awali miaka 27, na katika miaka yangu ya mwanzo nilikuwa na mtoto aliyekaa nyuma darasani karibu muhula mzima nikidhani ni mzito wa kushika. Siku moja tulikuwa na mchezo wa kuitikiana. Nikasimama nyuma yake, nikaimba kwa sauti ya chini. Darasa zima likaitikia, yeye kimya. Nikahama nikasimama mbele yake, nikaimba kwa sauti ile ile, midomo yangu akiiona. Akaitikia vizuri kuliko wote. Kumbe alikuwa akisoma midomo. Madaftari yake nilikuwa nimeyasahihisha kwa wiki kadhaa na hayakunionyesha kitu. Wimbo ulinionyesha kwa dakika moja.

Sasa tuje kwa mume wako. Simlaumu. Mtu anayeshinda chini ya magari ili ada ipatikane ana haki ya kuuliza ada hiyo inanunua nini. Na kwa kuwa ni fundi, naomba umsomee sehemu hii mwenyewe. Gari likiletwa gereji, fundi mzuri hulisikiliza kwanza. Kabla hajafungua boneti ameshajua kama tatizo liko kwenye mkanda au kwenye plagi, kwa sababu sikio lake limezoea kutenganisha mlio na mlio. Mtu mwingine hapo husikia ngurumo moja tu. Mtoto wa miaka mitano anayeanza kusoma yuko mahali hapo hapo. Maneno kwake ni ngurumo moja. Lazima ajifunze kusikia vipande vilivyomo ndani yake, na hakuna kazi ya daftari inayompa sikio hilo upesi kama wimbo na makofi.

Chukua neno "mtoto". Mwambie binti yako apige kofi moja kwa kila kipande. Watoto wengi watapiga mawili: to, to. Ile m ya mwanzo inasimama peke yake, ni silabi kamili, lakini haina irabu nyuma yake na mtoto haihesabu kuwa ni kitu. Mtoto huyo akianza kuandika ataandika "toto", au ataitilia irabu yake mwenyewe aandike "mutoto", na mwalimu wa darasa la kwanza atamwekea mkasi mwekundu pasipo kumweleza kosa liko wapi. Mimi nilikuwa nawaimbisha. Kofi la kwanza tunalipiga midomo imefumbwa, mmm, halafu to, halafu to. Makofi matatu. Wakishazoea, ninaleta "nyumba". Humo nako mna m, ila hiyo imeshikana na ba: nyu, mba. Makofi mawili. Hapo darasa hugawanyika, wengine wanapiga matatu, wengine mawili, wanabishana kwa sauti, nami nawaacha wabishane. Watoto wa miaka mitano wanabishania silabi za Kiswahili wakiwa wamesimama, hawana penseli mkononi, na hakuna hata mmoja anayejua kwamba yuko kwenye somo la kusoma. (Ni kazi ile ile ya mizani watakayokutana nayo sekondari kwenye ushairi, nane upande huu na nane upande ule, na wengi huko hutokwa jasho kwa sababu hawakuwahi kuihesabu kwa viganja.)

Wapo waliolichunguza jambo hili kwa uvumilivu. Huko Oxford, Uingereza, Peter Bryant na wenzake waliwafuatilia watoto 64 tangu wakiwa na umri wa miaka mitatu na miezi kidogo mpaka walipopita sita. Waliokuwa wakijua nyimbo nyingi za kitoto zenye vina walipokuwa na miaka mitatu ndio waliokuja kutambua vizuri sauti ndani ya maneno, na baadaye wakawa mbele kwenye kusoma na kuandika. Matokeo hayo yalitoka mwaka 1989, na tofauti hiyo ilibaki hata walipozingatia akili ya mtoto na hali ya nyumbani kwao. Watoto hao ni wa Kiingereza, lugha ambayo tahajia yake inatesa. Kwetu, ambako silabi huandikwa kama inavyotamkwa, sikio lililozoea silabi limekwishafika mbali.

Lakini umeniandikia jambo jingine, nami sitalifunika: anaimba herufi zote, na akionyeshwa "m" haijui. Hapo una haki kabisa ya kuwa na wasiwasi. Wimbo wa herufi kwa mtoto mdogo ni kamba moja ndefu. Hajui kwamba ndani yake mna vitu tofauti zaidi ya ishirini, kila kimoja na sura yake. Ndiyo maana ukimuuliza moja anarudi kuvuta kamba tangu mwanzo. Kuimba peke yake hakutaikata kamba hiyo. Inakatwa na kidole. Kumbuka madrasa zetu: mtoto anaimba alifu na be huku kidole, au kijiti, kinatembea juu ya herufi yenyewe, na akikimbilia mbele kwa sauti kidole kikabaki nyuma, maalimu anamrudisha. Mababu zetu wa pwani hawakutenganisha sauti na jicho. Kwa hiyo nyumbani uimbe naye polepole, herufi zikiwa zimeandikwa kubwa kwenye boksi la kadibodi, yeye akigusa. Katikati simama ghafla, mwache kidole chake kiseme ni ipi inayofuata. Anzeni na herufi za jina lake tu. Dakika tano zinatosha, akichoka acheni.

Nataka pia niseme kuhusu michezo ya kuitikiana, maana ndiyo inayoonekana kama upuuzi mbele ya baba aliyechoka. Unaukumbuka mchezo wa nyama nyama. Kiongozi anataja mnyama, akiwa analiwa watoto wanaruka na kuitika. Akitaja paka au fisi, anayeruka ametoka. Tazama mtoto anachofanya pale: mwili umeshajiandaa kuruka, mapigo yanamvuta, wenzake wamejaa pembeni, na lazima ajizuie kwa sababu ya neno moja alilolisikia. Kujizuia huko ndiko mwalimu wa darasa la kwanza atakakokuhitaji atakaposema "msianze kuandika mpaka nimalize kueleza". Mtoto asiyeweza kungoja zamu yake, hata akiandika mpaka mia, darasani atapata tabu.

Na kuna lililonigusa zaidi. Mwaka 2010 Sebastian Kirschner na Michael Tomasello, waliokuwa Leipzig, Ujerumani, walichapisha jaribio walilolifanya kwa watoto 96 wa miaka minne, wakiwachezesha wawili wawili. Wengine walicheza kwa kuimba na kupiga vyombo pamoja, wengine walicheza mchezo ule ule bila muziki. Baadaye walipewa vibomba vyenye gololi, na kibomba cha mmoja kikafanywa kiachie gololi zimwagike chini. Waliotoka kuimba pamoja walisaidiana kuokota zaidi ya wale wengine. Nilipoisoma habari hiyo niliwaona watoto wangu wote mbele yangu.

Basi jibu langu ni hili: usimhamishe kwa sababu shule inaimba. Kwanza nenda kaone inaimbaje. Mwombe mwalimu akuruhusu ukae nyuma ya darasa asubuhi moja. Tazama kama anashusha sauti wakati mwingine ili watoto wasikilize, au ni kelele tangu mwanzo mpaka mwisho. Tazama kama watoto hupewa zamu ya kuongoza. Wimbo wa herufi ukiimbwa, je, kuna herufi yoyote mbele ya macho yao? Wimbo wa kuhesabu ukiimbwa, je, kuna visoda, mbegu au vidole vinavyohesabiwa? Na baada ya wimbo kinafuata nini? Nimewahi kuingia darasa ambamo watoto zaidi ya sitini waliimbishwa tangu saa mbili mpaka saa nne kwa sababu mwalimu alikuwa peke yake na hakuandaa kitu. Ukikuta hali hiyo, mume wako ana hoja, nami nitakuwa upande wake. Lakini ukikuta wimbo una kazi, mwambie hata mtaala wetu wa elimu ya awali wa mwaka 2016 uliziweka stadi za sanaa na michezo miongoni mwa umahiri sita wa mtoto, sambamba na mawasiliano na hisabati. Mwalimu huyo hajatunga upuuzi wake.

Halafu nenda na kule kwa jirani, kwa heshima, uone vile vile. Watoto wa miaka mitano wanakaa chini wakinakili kwa muda gani? Kuandika moja mpaka mia kunaweza kuwa kazi ya mkono tu. Ukimpata yule mtoto wa jirani ametulia, mwombe akuhesabie maharage kumi na mawili akuwekee kiganjani. Akikupa kumi na mawili, mshukuru Mungu, anafundishwa vizuri, na shule hiyo ifikirieni kwa uzito. Akikupa mafumba mawili na tabasamu, mtakuwa mmejua tarakimu zile zimesimama juu ya nini.

Ama Mozart, mwanangu, mwache mtoto alale. Habari hiyo ilianza mwaka 1993, Frances Rauscher na wenzake walipowasikilizisha muziki huo wanafunzi 36 wa chuo kikuu huko California kwa dakika kumi, wakaona wamefanya vizuri kidogo kwenye maswali ya kukadiria maumbo, na nafuu hiyo ikaisha ndani ya robo saa. Wanafunzi wa chuo, si watoto wachanga. Lakini habari ilivuma hata mwaka 1998 Zell Miller, gavana wa Georgia kule Marekani, akaomba dola 105,000 za serikali ili kila mtoto anayezaliwa apewe rekodi ya muziki wa aina hiyo. Wala usimwahidi baba yake kwamba kuimba kutamfanya binti awe bingwa wa hesabu. Mwaka 2013 Samuel Mehr na wenzake wa Harvard waliwapa watoto wa miaka minne madarasa ya muziki kwa wiki sita pamoja na wazazi wao, na hawakuona nyongeza ya kueleweka kwenye akili ya jumla. Ninalokuahidi mimi ni dogo zaidi na nimeliona kwa macho yangu: sikio linaloweza kukata maneno, mwili unaoweza kungoja, na mtoto anayeamka Jumamosi akidai sare. Hilo la mwisho usilidharau. Nimepokea watoto wa darasa la kwanza waliokwisha kuichukia shule wakiwa na miaka sita, na kuwarudisha ni kazi ngumu.

Simu nayo isikudanganye. Nyimbo za katuni zina rangi na zinamtuliza wakati unapika, sikukatazi kabisa, ila simu haimngoji mtoto aitikie. Mtafiti Patricia Kuhl wa Seattle, Marekani, aliwahi kuwaletea watoto wa Kimarekani wa miezi tisa wasemaji wa Kichina, wakacheza na kusoma nao kwa vipindi 12. Watoto wale walianza kutofautisha sauti za Kichina. Wengine walipewa vipindi hivyo hivyo kwa video, wakatazama tu na hawakupata kitu. Hayo yalichapishwa mwaka 2003. Sauti yako wewe, hata kama unajiona huna koo la kuimba, ndiyo inayomfaa. Mwimbie ukimsuka, mwimbie ukikuna nazi. Bembelezi aliyokuimbia mama yako mwimbie mdogo wake, na huyu mkubwa mfundishe amwimbie.

Kinanda mwambie shemeji kisubiri kwanza. Zoltán Kodály, mtunzi wa Hungaria aliyejitoa sana kwa muziki wa watoto, alishikilia kwamba mtoto aanze na sauti yake mwenyewe na nyimbo za lugha ya mama yake, vyombo vije baadaye; shule ya msingi ya kuimba ya mfano wake ilianzishwa Kecskemét mwaka 1950, watoto wakiimba kila siku. Binti yako anahitaji vifuu viwili vya nazi vya kugonganisha, na chupa ya plastiki yenye choroko ndani, kifuniko kimebanwa sana ili mdogo wake asije akazimeza. Shemeji akitaka kutoa mkono wake sasa, alipie kipimo cha sikio.

Na baba yake asibaki mkaguzi wa daftari. Jioni moja, akishanawa, mketi wote watatu mkekani mcheze makofi ya majina: jina la mtoto, jina lake, jina la bibi, halafu majina ya vyombo vya kazini kwake. Spana, jeki, betri. Mtoto akate silabi, baba aandike neno kwa herufi kubwa, mtoto atafute ile anayoijua. Nadhani atashangaa ni maneno mangapi ya gereji yanaingia katika kichwa cha binti yake kwa wiki moja.

Majibu ya daktari ukiyapata niandikie hayo kwanza. Ya shule tutayazungumza baadaye.